Kanda Zilizoisha kwa Wiki Moja

Alhamisi, saa kumi jioni.

Mvua ya mawe imepiga Kericho kuanzia saa nane mpaka karibu saa tisa. Mabati ya duka yalinguruma hadi nikashindwa kusikia mtu akiongea kwenye simu. Sasa kumetulia. Baridi imeingia, na nje barabarani kumejaa majani ya miti yaliyochanikachanika. Nimefunga duka mapema. Mlango nimeutia komeo na mimi niko humu ndani, naandika.

Sijaandika hapa tangu mazishi ya baba. Mnaosoma huwa mnanikuta nikisimulia nyimbo za zamani, nani aliimba na nani, bendi gani ilivunjika kwa sababu ya nini. Leo si hivyo.

Leo naogopa.

Wacha nianze mwanzo, kwa sababu nikianza katikati nitajitetea.

Hili duka lilikuwa la baba. Aliuza kanda. Ukuta huu wote ulio nyuma yangu ulikuwa kanda tupu, za kwaya upande mmoja, za bendi upande wa pili. Wakati huo wimbo ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Vijana walijichanga, wakaenda studio Nakuru, wakarekodi siku moja, wakarudi na katoni za kanda zenye picha yao wamevaa suti za kuazima. Baba ndiye aliyezigawa kwa maduka ya Litein, Sotik na Bomet. Baadaye zikaja sidii, nazo zikapita. Siku hizi mimi nauza flashi na memori kadi. Mteja anakuja, namjazia nyimbo, anaenda kuchomeka kwenye redio yake ya jikoni. Wengi ni watu wa umri wangu kwenda juu. Vijana wana simu zao, hawanihitaji.

Kuna hadithi moja ambayo baba aliipenda. Ilikuwa ya bendi ya vijana wa Boito ambao kanda yao ya kwanza iliisha madukani kwa wiki moja. Katoni zote. Vijana wakachinja mbuzi. Huyo mbuzi namkumbuka, nilikuwa na miaka tisa, na mwimbaji wao, Kimutai, alinibeba mabegani akicheza kuzunguka ua. Baba alisimulia habari hiyo kwa fahari, lakini kila alipofika mwisho alinyamaza na kuanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilidhani ni uzee.

Wiki tatu zilizopita nilifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya sweta, ndani ya mfuko wa nailoni, nilikuta kanda moja. Haikuwa na picha. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake: Boito.

Ilikuwa na ukungu. Niliisafisha siku mbili kwa pamba na spiriti, nikaitia kwenye redio kaseti niliyoiunganisha na kompyuta, nikasikiliza.

Upande wa kwanza ni nyimbo za mapenzi. Upande wa pili unaanza na wimbo mmoja mrefu, wa polepole, gita moja tu na sauti ya Kimutai. Anaimba kwa Kipsigis juu ya karani wa kituo cha kupimia majani chai. Anasema karani huyu alikataa kuchezea mizani, na wakulima walimpenda kwa hilo. Anasema siku moja alasiri alipanda lori na hakurudi. Halafu anauliza, tena na tena, lori lilikuwa la nani. Na mwisho anajibu. Anataja jina.

Jina hilo siliandiki hapa. Mwenyewe yu hai. Ni mzee sasa, ana watoto wakubwa wenye nafasi zao, na akipita kanisani watu husimama.

Sasa nikiri. Niliposikia wimbo huo sikushtuka. Niliusikia vile mtu anavyosikia nyimbo za kale, kama kwamba wote wanaoimbwa walishakufa. Niliwaza tu, sauti nzuri hii, watu watainunua. Nikaiweka kwenye flashi pamoja na nyimbo nyingine za zamani, nikabandika karatasi ya duka, nikapeleka nyingine kwa wenzangu wawili wa biashara, mmoja Litein, mmoja Bomet. Nikaweka na kipande kwenye ukurasa wangu wa nyimbo mtandaoni.

Kimutai sikumtafuta. Nilijiambia pengine alishafariki. Ilikuwa rahisi kujiambia hivyo.

Mtu wa kwanza kununua alikuwa Chepkorir, mama wa Boito aliyekuwa amekuja mjini kliniki. Alitaka kitu cha kusikiliza akikamua ng'ombe. Siku mbili baadaye alirudi, akasimama hapo mbele ya kaunta bila kunisalimia.

"Dada, hii wimbo ya karani ulitoa wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja nambari ya nyumba, "Huyo karani ni baba yangu."

Alikuwa na miaka minne baba yake alipopotea. Amekua akiambiwa kwamba baba yake alitoroka na mwanamke akaenda kuishi Mombasa. Mama yake aliambiwa hivyo na watu walioonekana wa kuaminika, akaamini, akamchukia mume wake mpaka siku yeye mwenyewe alipozikwa. Nguo za mumewe alizichoma. Picha zake alizichoma. Chepkorir hajui hata sura ya baba yake.

Aliniomba niupige tena. Niliupiga mara tatu. Hakulia. Aliuliza tu kama mwimbaji bado yuko.

Kwa hiyo nikafanya kile nilichopaswa kufanya kwanza. Nilipiga simu kwa watu wa muziki wa zamani, na haikuchukua hata siku nzima. Kimutai yuko hai. Alihama Boito mwaka uleule kanda ilipotoka, akaenda kulima mahindi upande wa Mulot. Gita aliacha. Hakuna aliyejua kwa nini.

Jumatatu hii asubuhi akaja mwanamume mmoja wa makamo, jaketi la buluu, viatu safi licha ya matope. Mpole sana. Aliniita madam. Aliuliza flashi za nyimbo za zamani zimebaki ngapi, akazichukua zote. Mimi nilifurahi. Nani hafurahi akiuza bidhaa yake yote asubuhi moja?

Akauliza kama kuna nyingine nyumbani. Nikasema hakuna. Akauliza kama nilinakili kwa mashine hii hapa. Nikasema ndiyo. Akauliza kanda yenyewe iko wapi.

Ilikuwa kwenye droo, karibu na mkono wangu. Nikasema iko nyumbani. Sijui kwa nini nilidanganya. Kichwa kilikuwa bado kinafurahi, lakini mdomo ulikuwa umeshajua kitu.

Halafu akauliza, "Na mwimbaji? Aliaga?"

Hili ndilo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Chepkorir. Nilitabasamu nikamjibu, "Hapana, yuko. Nasikia analima huko Mulot."

Mimi ndiye niliyesema.

Jumanne asubuhi mwenzangu wa Litein alinipigia. Lete flashi nyingine, aliniambia, kuna mtu amechukua zote. Saa moja baadaye akapiga wa Bomet, maneno yaleyale. Wote wawili walikuwa wanacheka. Nilikaa kwenye kiti hiki na nikamwona baba, anapanga vitu vilivyopangwa.

Kanda ziliisha kwa wiki moja. Sawa. Lakini mbona sikuwahi kuusikia ule wimbo harusini? Mbona hakuna hoteli iliyoupiga, hakuna mtoto aliyeuimba njiani kwenda shule? Katoni nne za kanda zilinunuliwa na hakuna hata nyumba moja iliyokuwa na kanda hiyo. Walioinunua hawakununua ili wasikilize. Na wale vijana walichinja mbuzi.

Baba alikuja kujua, ndiyo maana alificha moja. Lakini hakusema. Sijui nimlaumu ama nimshukuru.

Jana Jumatano tulienda Mulot, mimi na Chepkorir. Nilitaka kumwonya mzee. Tulimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, mwembamba, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nilipojitambulisha alinitazama kwa muda mrefu.

"Wewe ni yule mtoto wa Kericho," akasema. "Baba yako alikuwa mtu mzuri. Umechelewa. Walikuja jana."

Walikuwa wanaume watatu, mmoja wakili, mmoja wa jaketi la buluu. Wa tatu hakutajwa jina, lakini mzee alimjua kwa uso. Ni mtoto wa yule anayetajwa kwenye wimbo. Walikuja na sukari na majani chai. Walikuja na karatasi. Karatasi inasema nyimbo zote ambazo Kimutai aliwahi kutunga, pamoja na sauti yake iliyorekodiwa mahali popote, ni mali yao tangu sasa na milele, na yeye hawezi kuziimba wala kumruhusu mtu mwingine.

Alitia sahihi.

Chepkorir akamuuliza mbona. Hakuuliza kwa ukali.

Mzee aliendelea kupukuchua. "Waliniuliza wajukuu wangu wanasoma shule gani. Kabla sijajibu, wakaitaja wao wenyewe. Wakataja na darasa."

Kuku walikuwa wanaokota punje miguuni mwetu.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Nilikuwa tayari kusimama. Wimbo umekuwa mali ya mtu aliyeshtakiwa na wimbo, na yote kwa sheria, kwa wino, mbele ya wakili. Zamani walilazimika kuzunguka duka hadi duka. Siku hizi inatosha sahihi moja.

Ndipo Chepkorir akajitambulisha. Hakuwa amesema bado yeye ni nani. Alipotaja jina la baba yake, mzee aliweka chini hindi alilokuwa nalo.

"Wewe ni Chepkorir mdogo? Yule wa kubebwa mgongoni?"

"Ndiyo, mzee."

Alivua kofia. Alikaa nayo magotini. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Hiyo simu yako inarekodi? Washa."

Nikamwuliza kama ana hakika.

"Karatasi yao inasema nisiimbe. Haisemi nisiongee na mtoto wa karani."

Akaongea kwa dakika kumi na moja. Alisema siku ile alikuwa amepeleka majani kituoni. Alimwona karani akipandishwa lori, watu wawili wamemweka katikati, kitabu cha mizani mkononi. Yeye Kimutai alikuwa na baiskeli, na kwa sababu njia ilikuwa moja, alifuata kwa mbali bila kukusudia. Lori halikwenda barabara ya lami. Lilikata kushoto, likashuka kwenye shimo la zamani la changarawe, lile ambalo halijaguswa tangu barabara imalizike. Lilikaa huko. Lilipopanda, karani hakuwa juu yake.

Alikuwa ameyaweka hayo kwenye ubeti wa mwisho. Siku ya kurekodi, mwenye studio aliusikia, akasema huo ubeti utaua mtu, akaukata. Kimutai alikubali. Wiki mbili baada ya kanda kuisha madukani, mtu alimwambia kwa upole kwamba hewa ya Boito haimfai.

"Nimenyamaza miaka yote hii," alimwambia Chepkorir. "Nilikuwa naona mama yako sokoni, na ninageuka njia nyingine. Unisamehe kama unaweza. Kama huwezi, pia ni sawa."

Chepkorir aliokota lile hindi, akaketi kwenye kigoda kando yake, akaanza kupukuchua. Wakapukuchua pamoja mpaka beseni likajaa. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe.

Leo asubuhi yule wa jaketi la buluu alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Alileta barua ya wakili. Wimbo una mwenyewe, inasema, na mimi nimeuuza bila ruhusa, na nisipokabidhi kanda na kufuta nakala zote nitapelekwa kortini. Na ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Niliuuza bila ruhusa. Ukurasa wangu wa nyimbo pia, si huu ninaoandikia sasa, nimeukuta umefungwa.

Nilimpa kanda. Nilitoa kwenye droo nikampa, kwa mkono wangu mwenyewe, ile kanda ambayo baba aliifunga ndani ya sweta lake. Aliitia mfukoni bila hata kuitazama.

"Na kwenye simu hakuna kitu, madam?"

Nikasema hakuna.

Alinitazama kidogo. Akanishukuru. Akasema mvua itanyesha leo, nisichelewe kufunga.

Saa sita na nusu Chepkorir akanipigia kutoka Boito. Asubuhi alikwenda polisi na mchungaji wake na kaka zake wawili. Waliandika maelezo yake, wakasikiliza sauti ya mzee niliyomtumia, wakasema ofisa atafika kesho kuliangalia lile shimo. Mpaka hapo vizuri. Kisha wakatembea kwenda kuliona wenyewe.

"Dada," akasema, "kuna tingatinga hapa."

Mwanzo sikuelewa. Akasogeza simu nikasikia injini. Dereva alikuwa amewaambia ametumwa leo asubuhi kujaza shimo na kusawazisha, kuna mfadhili anawajengea vijana uwanja wa mpira. Mfadhili ni nani hakujua. Malori mawili ya udongo yalikuwa yameshamwagwa.

Nilimwuliza watafanya nini. Akasema hajui. Kisha simu ikakatika.

Karibu saa tatu zilizofuata sitaki kuzirudia. Mvua ya mawe ilianza, nikampigia, nikampigia, nikasikia tu mabati. Nilifikiria kila kitu. Nilifikiria jinsi nilivyotabasamu Jumatatu.

Saa tisa na robo akapokea. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, nilisikia meno. Wako huko bado. Wanawake waliokuwa wakichuma chai mashamba ya karibu walipouliza kuna nini na wakaambiwa, walishuka mmoja mmoja na vikapu vyao mgongoni, wakaketi ukingoni mwa shimo, mbele ya tingatinga. Karibu thelathini, anasema. Kati yao kuna waliopimiwa majani na baba yake. Mawe yalipoanza kuanguka walijifunika nailoni zao za kuchumia, wakabaki. Dereva amezima injini, amekaa ndani ya mashine yake. Kando ya barabara kuna gari jeupe lenye vioo vyeusi. Limesimama tangu saa saba. Hakuna aliyeshuka.

Watakaa huko mpaka ofisa afike kesho. Wamekubaliana kwa zamu.

Nimenakili maneno ya mzee kwenye flashi tano. Moja ni ya mchungaji, moja ya Chepkorir, moja ya polisi. Moja nimempa mwenzangu wa Litein, ambaye sasa hacheki tena. Moja ninayo. Hizi haziuzwi, wala sauti hii sitaiweka hapa, msiniombe. Mzee alimpa mtoto wa karani, hakunipa mimi. Lakini nimeandika yaliyotokea, na mmesoma, na mko wengi. Hilo nimelifanya makusudi.

Kumkosea Kimutai nimemkosea, na nitamwambia uso kwa uso kwamba ni mimi niliyesema Mulot. Sijui kama atavua kofia kwangu. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa Boito, nitaketi na wale akina mama, lolote litakaloonekana kwenye lile shimo nitaliona kwa macho yangu.

Watoto wangu wametoka shule, wako hapa nyuma ya pazia wanakunywa chai. Nimempigia shangazi yangu aje awachukue wakae kwake siku chache. Shangazi ni mtu wa maswali mengi, lakini leo hakuniuliza kwa nini, wala siku ngapi. Aliniambia tu niwavue yunifomu kabla hajafika, watembee na nguo za nyumbani.

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nimewaita, nimewabadilisha, na yunifomu nimezikunja nembo za shule zikiwa kwa ndani.